Mabango ya Saa Nne

Miezi saba sasa Mzee Brashi alikuwa akizungumza na kamera, na hakuna aliyewahi kumjibu hata siku moja.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyeitundika juu ya kabati kabla ya kuhamia ng'ambo. Walikuwa wamegombana. Binti alitaka baba amfuate. Baba akasema heri afie hapa kuliko kubebwa kama mzigo, akaongeza na maneno ambayo mzazi hapaswi kumwambia mwanawe. Binti aliandika anwani ya intaneti ya nyumba ile kwenye karatasi, msururu wa namba tu, akasema atamtazama kila siku saa nne asubuhi. Simu hatapiga, maana kwenye simu wangeanza tena.

Basi kila siku saa nne mzee, ambaye maisha yake yote aliandika mabango ya maduka, alivaa shati safi, akaketi mbele ya kamera na kuinua kipande cha boksi. Kamera haikuchukua sauti, kwa hiyo aliandika. "Nimekula." "Goti limetulia." "Mvua imeingia jikoni." Herufi zimenyooka, zina kivuli, kazi ya mtu anayeijua brashi. Wiki tatu nyuma alishinda kutwa nzima juu ya neno moja: "Nisamehe." Akaliinua mpaka mikono ikachoka. Halafu akasubiri, na kile kimya kikamla mpaka chakula kikamshinda.

Asubuhi moja akaja fundi wa intaneti kubadilisha waya, mama mmoja wa makamo, mcheshi. Akayaona maboksi yamepangwa nyuma ya mlango, akauliza. Mzee akamweleza nusu, nusu nyingine akaimeza. Fundi akakuna kichwa. Akasema anwani za nyumba ni za aina mbili: ipo ya kudumu, hiyo haibanduki, na ipo ya kubadilika, ambayo kisanduku cha intaneti kikizimwa na kuwashwa, nyumba hupewa nyingine. Kama ni hii ya pili, mwenye namba za zamani anabisha hodi kwa watu wengine. Kujua si kazi: itazame kwenye simu, iandike, zima kisanduku kwa dakika kadhaa, washa, tazama tena. Akamfungulia ukurasa unaoionyesha, akaaga.

Mzee akabaki na simu mkononi. Jamani, kuna kipimo cha hospitali kinachotisha kuliko hicho? Namba zisipobadilika, basi binti amemwona siku zote, amelisoma lile "Nisamehe", akamkaushia. Zikibadilika, hajaona kitu. Mtu mzima na akili zake, anaomba mwanawe awe hajamwona miezi saba!

Akaziandika kwenye boksi, kwa brashi, maana ndivyo mkono wake ulivyozoea. Akazima. Akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Akawasha. Taa za kisanduku zikacheza, zikatulia.

Namba tatu za mwisho hazikuwa zile.

Akalia, mzee wa watu, akalia kwa furaha. Ndipo ikamjia. Tangu karakana yake iliponusurika kuungua kwa hitilafu ya umeme, hakuwahi kwenda kulala bila kuchomoa kila plagi ukutani, hata ya kisanduku, na kuirudisha asubuhi. Hata siku ile binti alipoondoka, alichomoa. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa akimfungia mwanawe mlango, kisha asubuhi anakaa kumlaumu.

Akamtumia namba mpya tu, bila neno. Zaidi ya hapo hakuthubutu. Jibu likaja kabla hajaiweka simu chini.

"Baba, mimi nilijua umeizima kamera, hutaki nikuone."

Akalisoma mara nne. Miezi saba yote, kila mmoja analia kivyake. Akataka kumweleza habari za plagi, akaona ni hadithi ndefu. Kwanza akachukua brashi, akaandika ukutani juu ya swichi ya kisanduku kwa herufi nyekundu: HII HAIZIMWI. Kisha akabadilisha shati, japo saa nne ilishapita zamani, akayabeba maboksi yote na kuyaweka miguuni pake. Hakuanza na "Nisamehe". Akachomoa la chini kabisa, la siku ya kwanza, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaliinua mbele ya kamera: "Umefika salama?"