Salwa Amemeza

Kipindi chenyewe kiliitwa Jiko la Taifa, na tangu wiki ya kwanza nilisema ni upuuzi. Washiriki wanane wamefungiwa jikoni huko Dar es Salaam, kila Jumamosi saa kumi alasiri mmoja anafukuzwa, na sisi tuliobaki majumbani tumekodoa macho. Waamuzi walikuwa watatu: mpishi wa hoteli mwenye kofia ndefu, mwanamke mmoja mwenye kucha ambazo haziwezi kukanda unga, na Mzungu aliyesema kila chakula ni kitamu sana kisha akampa mtu alama nne. Walimfukuza Ndesanjo, mama wa watu kutoka Machame, eti mtori wake wa ndizi mzito. Sasa mtori usipokuwa mzito unaitwaje?

Mimi ni mpishi wa shughuli. Nimepikia harusi na hitima za mtaa wetu wa Daraja Mbili miaka ishirini, na sufuria zangu hazibebwi na mtu mmoja. Wale walikuwa wanatumia saa nzima kupika sahani nne. Nyama kipande kimoja, ukubwa wa sabuni ya hotelini, na mchuzi wamechora pembeni. Huku Bara tulikaa miaka yote ile bila televisheni na hakuna aliyekufa. Zikaja hizi za watu binafsi, kila moja na kelele zake, na kipindi hicho ndicho walichoona kinatufaa.

Na bado nilitazama kila wiki, sikukosa. Sababu ilikuwa Salwa.

Salwa ni binti wa Mzee Abdulrahim muuza vitambaa, na alikuwa mchumba wa mwanangu Nasri. Posa ilishapelekwa na kujibiwa, pete alishavaa, na ndoa tulipanga ifungwe wiki ya pili baada ya Idi. Ghafla binti akapanda basi kwenda kushindana kupika. Hakuniaga. Baba yake alijua, Nasri alijua, mimi mama mkwe nikaja kumwona kwenye televisheni, sebuleni kwangu, akimwambia mtangazaji kwamba anapenda kubuni vyakula vipya. Nilimuuliza Nasri mkewe huyo anabuni nini wakati wali wenyewe hajanipikia hata siku moja. Akasema, "Mama, ni mashindano tu." Nasri ni fundi wa magari ya watalii, mtoto mpole, hajawahi kunijibu vibaya tangu azaliwe. Wakati ule niliona hiyo ni sifa.

Ramadhani ikaingia, kipindi kikaendelea. Fikiria mwenyewe, saa kumi alasiri, koo limekauka, tumbo limeshikana na mgongo, halafu mtu anakukaangia vitunguu mbele ya macho. Nilisema walioweka saa hiyo hawana adabu. Wenzangu walicheka, lakini hakuna aliyeinuka kwenda kwake. Tulikuwa tunakaa wanne au watano: mimi, Bi Najat wa nyumba ya nyuma, wakwe zake wawili, na Mama Lekishon, Mlutheri anayetuuzia maziwa, ambaye kwake televisheni haipo. Mama Lekishon alikuwa hali mbele yetu hata karanga, na mimi hilo nililiheshimu sana.

Jumamosi ya pili ya mfungo walikuwa wamebaki wanne. Salwa alipika samaki wa nazi. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, jua linawaka nje. Akachota mchuzi na kijiko, akaupuliza, akautia mdomoni. Nikasogea mbele. Sisi wapishi tunajua namna ya kuonja tukiwa tumefunga: unagusisha ncha ya ulimi, unatema, unasukutua. Salwa hakutema. Nililiona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akachota tena, akameza tena, na akatabasamu.

Nikasema, "Mmemwona? Amemeza."

Bi Najat akasema huenda ana udhuru, yuko kwenye siku zake. Nikamwambia mwenye udhuru anakula chumbani, hajiweki mbele ya nchi nzima akajilamba midomo. Mama Lekishon akauliza, polepole, kama tuna uhakika kwamba mambo yale yanafanyika saa ile ile tunayoyatazama. Nikamwambia, "Mama Lekishon, mtangazaji amesema jioni hii ya Jumamosi. Wewe leo ni siku gani?" Nilimnyamazisha na nikafurahi, sitasema uongo.

Usiku ule kwenye tarawehe nilisema. Sikunong'ona. Niliwaambia wanawake wa safu yangu, na safu yangu ikaiambia safu ya nyuma. Tuliporudi nikamkuta Nasri anakula daku la mapema, nikamweleza na yeye. Akaweka kijiko chini.

"Una uhakika, mama?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Akaisogeza sahani pembeni. Kisha akasema, "Basi."

Jumapili mchana nikamtuma Mzee Saadi, mshenga wetu, aliyepeleka posa, akarudishe neno la kuvunja posa. Alikataa kwanza. Alisema jambo la ndoa haliendeshwi kwa hasira ya siku moja. Nikamwambia kama yeye hawezi yuko atakayeweza, akaenda. Alirudi na jibu la Abdulrahim: "Wasubiri fainali ipite, wataelewa." Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu anaambiwa binti yake anakula mchana wa Ramadhani, yeye anazungumzia fainali. Nikasema, hawa wamelogwa na kombe, na ndoa hakuna.

Wiki nzima watu walikuwa wananisimamisha njiani. Wengine walinipa pole, wengine walinisifu kwa msimamo wangu. Najua wapo waliokuja kuchochea tu, na mimi niliwapa kuni. Nilisema mpaka mambo ambayo sikuyaona: kwamba amevua ushungi, kwamba yule Mzungu alimshika bega. Nilipokuwa nayasema niliyaamini.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa nusu fainali. Sebule yangu ilijaa. Walikuja wanawake kumi, wengine hawajawahi kukanyaga kwangu, na wote walikuja kuona Salwa atameza au hatameza. Nasri alirudi kutoka kazini mapema, akasimama kwenye mlango wa korido na ovaroli lake la grisi. Kwenye televisheni Salwa alikuwa anakata vitunguu. Nilikuwa nimeanza kuwaeleza wenzangu kwamba hata kisu hajui kukishika, tukasikia hodi.

Mama Lekishon ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Akaufungua, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Alikuwa Salwa. Baibui jeusi, vumbi la barabarani miguuni, midomo imekauka kama yetu. Na huku kwenye kioo Salwa bado anakata vitunguu. Bi Najat aliitazama televisheni, akautazama mlango, akaitazama tena televisheni, akashika kichwa.

"Shikamoo, mama," Salwa akasema.

"Marahaba." Lilinitoka lenyewe.

Hakukaa, ingawa Mama Lekishon alimsogezea kigoda. Alizungumza amesimama, sauti haikupanda.

"Hayo mnayoyatazama tuliyarekodi mwezi wa Shaaban. Yote, mpaka hii ya leo. Iliyobaki ni fainali, hiyo ndiyo itaonyeshwa moja kwa moja. Walitusainisha karatasi tusionekane wala tusiseme chochote, ili watu wasijue nani amefukuzwa. Tangu mwezi uandame nipo kijijini Maji ya Chai kwa shangazi, nimejifungia ndani. Sijala mchana hata tonge moja."

Bi Najat akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mwanangu, si umeshaonekana?"

"Nimeonekana. Wakisikia, fainali sina."

Ningeweza kusema samahani. Maneno hayo nayajua, nimewafundisha watoto wa watu. Lakini sebule ilikuwa imejaa, na nikasema, "Baba yako si angesema? Angesema neno moja tu nisingefika huku."

"Aliwaambia msubiri."

Nikasema haya, yameshatokea, kesho asubuhi nitamtuma Mzee Saadi akayatengeneze, na ndoa iko pale pale. Nilisema kwa sauti kubwa ili wote wasikie kwamba mimi ni mtu ninayerekebisha mambo yangu.

"Asihangaike," Salwa akasema. Ndipo akageuka kumtazama Nasri, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mama, wewe hunijui. Umeniona mara tatu, nne, na hukunipenda, basi. Lakini Jumapili ile, kabla Mzee Saadi hajafika kwetu, maneno ya tarawehe yalikuwa yameshanifikia, nikampigia Nasri simu. Nikamwambia kuna mambo siwezi kukueleza mpaka fainali ipite, ila niulize kitu kimoja tu, niulize kama nimefunga. Hakuniuliza. Alisema, mama ameona."

Alivua pete, akaiweka mezani kwenye kitambaa cha kufuma, karibu na jagi la maji ambalo halikuwa na kazi mpaka magharibi. Akaniambia, "Kwa heri, mama." Akatoka, na mlango akaufunga taratibu, bila kuubamiza. Ningefurahi kama angeubamiza.

Wanawake walianza kuinuka mmoja mmoja, wakitafuta kandambili zao. Hakuna aliyenitazama isipokuwa Mama Lekishon, na yeye alinitazama kwa huruma, kitu ambacho sikukitaka.

Nikamwambia Nasri, "Mfuate. Hajafika mbali."

Hakusogea. "Nikamwambie nini, mama?"

"Mwambie mama amekosea. Mwambie nimesema mimi, nilikosea."

"Hilo ni lako. Langu mimi ni lipi?"

Aliniuliza kweli. Hakuwa ananisuta. Alisimama pale na mikono yake ya grisi, mwanamume wa miaka ishirini na saba, akingoja nimpe la kusema, nami nikaona kwamba hivyo ndivyo nilivyomlea, na kwamba yule msichana ameliona jambo hilo kwa simu ya dakika mbili.