Toba Iliyoandikwa na Mtu Mwingine

Kicheko ndicho kilichotangulia. Kilitoka nyuma ya mlango wa Bwana Stroud, kicheko cha wanaume walioshiba. Kikapanda, kikakatizwa na kikohozi cha sigara, kikaanza upya. Kisha nikasikia sauti ikisoma maneno yangu. Nikasimama pale koridoni na kahawa mkononi, na sitaficha: nilifurahi.

Naitwa Desmond Kubiak. Baba yangu alichinja ng'ombe kule Omaha kwa miaka ishirini na mitatu, nami nilijifundisha mashairi peke yangu katika maktaba ya umma kwa sababu nilikataa kunuka kama yeye. Nilipofika Los Angeles, kampuni moja ya filamu ilinipa meza na mashine ya kupiga chapa katika idara ya matangazo. Kazi yangu ilikuwa kutunga maisha ya nyota wetu: nani anapenda kupika, nani anasali wapi, nani anamchumbia nani. Uongo mtupu. Niliutunga vizuri kuliko wenzangu wote, na nililijua hilo.

Siku moja kabla ya kicheko kile, Stroud, mkuu wa idara, alikuwa amenipa karatasi yenye mambo machache bila jina. Mwanamke wa sinema alizaa bila mume akiwa na miaka kumi na tisa. Kampuni ikamficha milimani, ikatangaza kwamba anaugua kifua. Mtoto akapelekwa kwa watawa wanaolea mayatima, na mwaka uliofuata mama akaenda kumuasili mbele ya wapiga picha, akasifiwa nchi nzima kwa huruma yake. Stroud alitaka aya mbili za mafumbo, kama magazeti ya umbea yanavyozipenda. Sikuuliza ni nani; nyota walioasili watoto mjini walikuwa wengi. Kwetu sisi habari isiyo na jina ilikuwa mazoezi, kama bondia na mfuko wa mchanga. Nikaandika: "Yuko mama mmoja mjini aliyebisha hodi kwa watawa, akaomba kwa machozi apewe yatima, na yatima huyo alikuwa na pua yake." Niliipima sentensi ile kwa vidole, silabi kwa silabi, nikaridhika.

Basi nikaingia. Stroud akanipiga begani, akawaambia wenzake kwamba huyu mtoto wa mchinjaji ana kisu kikali kumshinda baba yake. Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Ndipo akanieleza.

Jarida moja la umbea, Tundu la Ufunguo, lilikuwa limepata picha za Grant Tolliver, shujaa wetu wa filamu za farasi na bastola. Alikuwa amemvunja taya binti anayepokea makoti ya wageni hotelini. Tolliver alikuwa na filamu tatu mbele yake. Mhariri wa jarida alikubali kuzifukia picha hizo, mradi apewe mzoga mwingine wa uzito uleule. Wakamchagua nyota wetu mwingine, Corinne Vail: ndiye mwanamke wa ile karatasi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na mkataba wake ungekwisha Oktoba. Alhamisi jina lake lingekuwa sokoni, juu ya maneno yangu.

Nikasema kwamba uongo ule wa kuasili ulikuwa wetu, na picha zake zimo kwenye kabati letu.

"Ndiyo maana tunajua habari ni ya kweli," Stroud akajibu. "Kijana, usinitolee macho. Mwanaume akipiga, watu husema alikuwa amelewa. Mwanamke akizaa, hakuna anayesema alikuwa amelewa."

Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi.

Ilibaki kazi moja. Stroud alitaka tamko la toba, Corinne akiri na kuwaomba radhi mashabiki. Akitia sahihi, angepewa filamu mbili ndogo. Akikataa, kifungu cha maadili kingemtupa nje siku hiyohiyo. Kifungu hicho kilikuwamo pia katika mkataba wa Tolliver, ila hakuna aliyewahi kukifungua. Nilikwenda mezani nikaandika. Ningependa kusema mkono wangu ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilitafuta neno laini, nikapata "kosa la ujana wangu", nikaona linatiririka.

Nilimkuta Corinne katika chumba chake cha kuvalia, nywele kwenye rola, nusu ya uso imepakwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Verna Dahlquist, binti wa wafuga ng'ombe wa Minnesota. Corinne Vail lilibuniwa katika ofisi yetu. Katika mji ule wote ni yeye peke yake aliyewahi kuniomba nimsomee mashairi yangu, na alipoona mstari wa uongo aliniambia. Aliisoma karatasi amesimama, akanihoji, nikamweleza yote, Tolliver na jarida na Alhamisi.

"Nani kaiandika?"

"Mimi, dada."

"Na ile ya jarida?"

"Pia mimi. Sikujua ni wewe."

"Ulijua ni mtu," alisema.

Harufu niliyoikimbia Omaha, ya damu vuguvugu na samadi, ilinijia puani mle ndani, katikati ya poda na manukato. Baba yangu angalau alimtazama ng'ombe kabla ya kumchinja, kisha akarudi nyumbani akanawa hadi viwikoni. Mimi nilichinja nikiwa nimefunga tai, nikala kitindamlo, nikalala usingizi mnono. Na wale wa ofisini walikuwa wakienda kanisani kila Jumapili na wake zao, wakipokea salamu mlangoni. Nilitamani kutapika, nikaona hata kutapika ni kujipendelea.

Corinne alijifuta rangi nusu nusu, akachukua funguo za gari. Mtu mmoja akaja kumwita akapigwe picha. Akamwambia ampe Tolliver gauni lake, linaweza kumkaa. Kisha akaniamuru nichukue karatasi niingie garini.

Safari ya kwenda Ojai ilikuwa ya saa mbili, kati ya mashamba ya michungwa. Binti yake, Signe, alisoma huko bwenini. Alikuwa na miaka kumi na minne na alijua kwamba ni mtoto wa kuasiliwa. Corinne alikuwa amepanga kumwambia ukweli akifika kumi na minane. Sasa alikuwa na siku mbili kabla wasichana wenzake hawajamsomea jarida lile. Kuhusu sahihi, alisema bado hajui. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano. Kazi nyingine hana. Ada ya shule ile ilitoka mahali palepale lilipotoka jina lake.

Nilitaka kubaki garini. Hakukubali.

Signe alikuja kutoka uwanja wa tenisi na raketi yake, mrefu, vyuma vya kunyoosha meno mdomoni. Wakakaa kwenye benchi, mama akamweleza bila kupambapamba: nani alikuwa baba, milima, watawa, picha. Yule binti akasema alikuwa akishuku, kwa sababu vidole vyao vya miguu ni vibaya kwa namna moja, na Mungu hawezi kurudia vidole kama vile kwa bahati. Mama akacheka huku kamasi zikimtoka. Ndipo Signe akauliza huyu bwana amekuja kufanya nini.

"Ameleta karatasi niitie sahihi."

"Inasema nini?"

"Msomee, mshairi," Corinne akaniambia. "Uliitunga, isome."

Nikasoma. Sauti yangu, ambayo siku zote naipenda, ilinichukiza. Nilipofika "kosa la ujana wangu, ambalo nimelilipia kwa machozi", Signe aliinua mkono kama yuko darasani.

"Hilo kosa ni mimi?"

Hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi. Nilikuwa na maneno ya kila kitu, ya mwezi, ya midomo, ya farasi wa Tolliver.

"Ndiyo," nikasema.

Akamgeukia mama. "Utatia sahihi?"

Corinne alinipokonya karatasi. Benchi lilikuwa limelowa maji ya bustani. Akaitandika pale alipokaa, akaikalia. Kisha akaushika mkono wa binti yake, pamoja na raketi.

"Sitii," alisema. "Wataniita majina, na hapa shuleni watakunyooshea vidole. Huenda mwezi wa kumi ukatukuta Minnesota kwa mjomba wako, tunakamua ng'ombe. Lakini nakuahidi, Signe, yeyote atakayeniuliza wewe ni nani, awe na kamera au asiwe nayo, nitamwambia ni mwanangu niliyemzaa, na sitamwomba radhi mtu."