Kizibao cha Mifuko Kumi na Minne

Enzi za ruksa, serikali ilipolegeza biashara na marobota ya mitumba yakafika Sumbawanga, Adolfu mpiga picha aliopoa kizibao cha kaki chenye mifuko kumi na minne. Mmoja wa filamu, mmoja wa betri, mmoja wa kitambaa cha kufutia lenzi. Mingine kumi na mmoja aliijaza heshima. Filamu zenyewe alikuwa nazo mbili, na betri alikuwa akizianika juani zipate nguvu.

Haya. Studio yake pale Kizwite ilikuwa na koti na tai za kuwavalisha wateja, kama studio zote. Nani alitaka koti tena? Kila aliyeingia alinyoosha kidole: "Nipige na hicho." Adolfu kwa tamaa ya wateja akawa anavua. Julai, baridi ya Ufipa inakata masikio, fundi wetu anatetemeka na singlendi nyuma ya kamera, mteja katuna ndani ya mifuko kumi na minne. Mtaalamu huyo!

Sasa alimpenda Otilia, binti wa mzee Alois wa Mpui. Alimpenda kweli, chakula kilikuwa hakipiti. Mzee alishasema binti yake hampi mtu asiye na kazi inayoeleweka.

"Akikiona kizibao ataelewa," Adolfu akajipa moyo. Akakipiga pasi mfuko mmoja mmoja, akaenda Mpui na kamera shingoni. Shati hakuvaa, eti lingeharibu mtindo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama juu mpaka chini, kisha akageukia picha tatu ukutani. Adolfu akafurahi: zote alizipiga yeye.

"Huyu mpwa wangu Yonas alisema kizibao hicho kapewa na Wazungu wa mradi. Huyu Isdori, eti kakinunua Dar. Na huyu Steven, eti kaletewa kutoka Zambia. Wewe umekiazima kwa nani?"

"Ni changu, baba! Hao wote niliwapiga mimi!"

"Hata wao walisema ni chao." Mzee hakupandisha sauti. "Na hakuna hata mmoja mwenye kazi. Otilia simtoi kwa mtu wa nguo za kuazima. Kirudishe kwa mwenyewe, utafute kazi, ndipo uje."

Jamani! Machozi yalimlengalenga Adolfu. Akageuka aondoke.

"Ngoja kwanza," mzee akaita, akivua koti lake na kunyoosha mikono. "Kabla hujakirudisha, nipige moja."

Adolfu akavua kizibao, akabaki na singlendi mbele ya baba yake Otilia, akamwambia asimame wima.