Uso wa Cordell Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Jarida letu lilikuwa la mashoga wa Chicago. Lilitoka kila mwezi, likagawiwa bure kwenye baa za Mtaa wa Halsted, na mimi ndiye niliyepanga kurasa zake. Nilikuwa mweusi pekee katika ofisi ile. Kwa miaka saba nilipanga majalada themanini na manne. Weusi walitokea mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mwimbaji, tena mwanamke. Mara ya pili alikuwa mwanamume aliyekumbatia mpira wa kikapu, picha imekatwa shingoni ili kichwa kisionekane. Waliobaki walikuwa vijana weupe wenye meno, na ukiwapanga sakafuni ungedhani wote wametoka tumbo moja.

Mwaka 1997 wasomaji wa upande wa Kusini wa jiji, wanakoishi weusi, walichoka, wakaanza kuandika barua. Mhariri wetu, Todd Lindqvist, aliniita akanirushia furushi la bahasha.

"Emory, wenzako wananitukana. Wananiita mbaguzi. Mimi! Nimelala na wanaume weusi wengi kuliko wewe."

"Basi mweke mmoja kwenye jalada."

"Niletee. Mzuri, lakini asiwe wa kutisha."

Nikamletea Cordell Mabry.

Cordell alikuwa na miaka ishirini na sita, kinyozi katika duka la Mzee Hubert Pettiford, Mtaa wa 79. Alikuwa mzuri mno, hata yeye mwenyewe alishindwa kujizuia. Kila kioo alichopita alikisalimia. Yeye na mimi tulikula kila Jumapili kwa Lucius Tate, ambaye alituzidi umri kwa mbali. Lucius alichambua barua posta siku za kazi, na Jumapili asubuhi alipiga kinanda kanisani. Hakuna aliyemwomba atulee, alitulea tu.

"Jalada? Mimi?" Cordell aliweka uma chini. "Shosti, usinitanie, nina moyo mdogo."

"Watakuvua shati kabla hawajakuuliza jina," alisema Lucius.

"Wavue. Kuna cha kuona."

Kweli walimvua. Mpiga picha alimpaka mafuta mpaka akang'aa kama kiatu cha harusi, akamwambia akaze taya, akunje ngumi, aangalie kamera kama anayetaka kumpiga mtu. Cordell alijaribu. "Kaka, mimi sijui kukasirika nikiwa na njaa," alisema, wote wakacheka. Zilipigwa picha kama mia mbili za hasira. Na moja ilipigwa kwa bahati, wakati wa mapumziko, shati limetupwa begani, akinicheka mimi niliyekuwa nimemwaga kahawa kwenye suruali yangu.

Mwishoni aliletewa meza na karatasi ya kutia sahihi. Ilikuwa ndefu, herufi ndogo kama wadudu.

"Emory, inasema nini hii?"

"Ni karatasi tu. Kila mtu anatia."

Akatia.

Jalada la Agosti lilitoka na kijana wa Wisconsin analamba aiskrimu. Todd alinieleza kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba mbwa amekufa. "Niliwaonyesha watu wa matangazo. Wa bia walikataa, wa nguo za ndani walikataa. Wote wanasema picha ni nzuri sana. Ila jarida litabaki limelundikana pale mlangoni mwa baa, hakuna wa kuliokota."

Cordell alikuwa ameshawatangazia watu wote. Alipanda treni hadi Halsted siku ya kutoka, akanipigia simu akiwa barabarani. "Emory, nimelishika hapa mkononi. Hivi nimebadilika rangi?"

"Mwezi ujao," nilimwambia. "Kuna nafasi ya mwezi ujao."

Katikati ya Septemba kampuni moja ya dawa ilileta tangazo la ukurasa mzima, ule wa mwisho. Dawa mpya za virusi vya UKIMWI zilikuwa zimeingia, na kila mwezi tulikuwa na matangazo yake. Matangazo hayo yalionyesha watu wenye afya wakipanda milima, nao walikuwa vijana weupe wale wale wa kwenye majalada. Safari hii kampuni ilitaka kuwafikia watu wa Kusini. Nilifungua bahasha, na Cordell alikuwa ndani, shati begani, ananicheka. Juu ya kichwa chake waliandika: NINA VIRUSI. NA BADO NINACHEKA.

Nilikwenda kwa Todd na ukurasa mkononi.

"Huyu si mgonjwa."

"Nani kasema ni mgonjwa? Ni mwanamitindo. Alitia sahihi, tukawauzia picha." Hata hakuinua macho. "Halafu si mlitaka kuonekana? Ukurasa mzima, Emory. Wa rangi."

Nilirudi mezani kwangu. Nilipima pembezoni, nikanyoosha mstari wa maandishi uliokuwa umepinda kidogo, nikautuma kwa mchapaji. Nilikusudia kumpigia Cordell jioni ile. Nilikusudia tena Jumatano. Jumapili mbili nilikaa naye meza moja, nikampitishia chumvi, nikanyamaza.

Kumbe jarida lilikuwa jambo dogo. Kampuni ilibandika picha ile ile kwenye vituo vya treni. Upande wa Kaskazini, wanakoishi weupe, sikuiona hata moja. Mtaa wa 79 ziliwekwa mbili, moja kila upande wa reli, na uso wa Cordell ulikuwa mpana kama mlango wa gereji.

Jumamosi ya pili ya Oktoba nilikwenda dukani kwa Mzee Pettiford nikijifanya nataka kunyolewa. Benchi lilikuwa limejaa. Kiti cha Cordell kilikuwa kitupu, na yeye amesimama nyuma yake, kitambaa begani, mashine mkononi.

"Roosevelt, njoo," alisema. "Zamu yako."

Roosevelt alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu mnene mwenye sauti. "Nangoja kiti cha Mzee."

"Mzee ana watu sita."

"Nina muda. Leo sina haraka hata kidogo."

Benchi lilicheka. Cordell alijaribu kucheka nao. "Miaka minne nakunyoa. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kichwa chako kina kovu wapi."

"Ndiyo maana silali usingizi."

Walicheka zaidi, mmoja akajipiga paja. Cordell aligeuka akagonga kioo kwa kidole. Alikuwa amebandika pale majibu ya kipimo chake, yenye muhuri wa zahanati. "Soma! Unajua kusoma? Sina kitu!"

Roosevelt alisogea, akainama, akasoma taratibu huku midomo ikichezacheza. "Hapa daktari anasema huna. Kule kituoni wewe mwenyewe unasema unao. Sasa nimwamini nani, kaka? Wewe unajijua zaidi."

Mzee Pettiford alizima mashine. Alimvuta Cordell hadi kwenye mlango wa nyuma, lakini duka lilikuwa dogo, wote tulisikia.

"Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Maisha yako niliyajua tangu siku ya kwanza, nikakupa kiti. Ila watu wanachungulia dirishani, wakikuona wanapita. Kapumzike kidogo."

"Mpaka lini, Mzee?"

"Mpaka walibandue lile bango."

Cordell alikunja nyembe zake ndani ya taulo. Alipopita mbele yangu alinishika bega, akaniambia, "Twende, ndugu yangu. Wewe peke yako hujacheka." Nilitoka naye. Njiani alinieleza kwamba mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Gary, mji wa jirani, na alikuwa na swali moja tu: siku ya sikukuu ya Julai, kijana wake alinywea kikombe kipi.

Jumapili yake Lucius alipika kama kawaida: sukuma iliyochemshwa na bawa la bata mzinga, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi. Cordell hakuacha kusema tangu alipovua koti.

"Nifananishwe na watu wale! Mimi! Mimi najitunza. Sijalala hovyo kwenye bafu za kulipia na kila anayekohoa. Wale wameyataka wenyewe, waoze wenyewe, lakini uso wangu wanautaka wa nini? Mtu anayeoza hafanani na mimi. Nitazameni! Ninafanana na mtu anayeoza?"

"Kula, chakula kinapoa," alisema Lucius.

"Siwezi kula. Nikifikiri kwamba mtu ananitazama anaona ule uchafu ndani ya damu yangu..."

Lucius aliinuka. Alifungua friji, akatoa sanduku la plastiki lililokuwa nyuma ya maziwa, akaliweka mezani kando ya makaroni. Ndani yake vichupa vya vidonge vilikuwa vimepangwa vikiwa na jina lake.

"Miaka sita," alisema. "Sukuma unayokula, nimeikata kwa mikono hii. Miaka minne unakula kwangu."

Nilimwangalia Cordell. Nadhani hata yeye hakujua alichofanya. Mkono wake ulitoka taratibu, ukaisukuma sahani mbele, mbali naye, umbali wa kiganja kimoja hivi. Kisha akafuta vidole kwenye suruali.

Lucius aliitazama ile sahani. Aliichukua, akamwaga chakula kwenye pipa la taka, akaiosha, akaifuta, akairudisha kabatini. Kisha alimletea Cordell koti lake.

Jumatatu iliyofuata Lucius alikuja ofisini kwetu. Alivaa suti ya kanisani na tai ya bluu, viatu vimepigwa rangi. Alimpa Todd mkono.

"Nimeona mnatafuta mweusi mwenye virusi," alisema. "Mmemweka kijana asiye navyo, na mmemharibia kazi. Mtoeni yule. Mimi ninavyo. Wekeni mimi, na jina langu chini."

Todd alimsifu kwa ujasiri wake, akamsimamisha dirishani, akampiga picha mbili kwa kamera inayotoa picha papo hapo. Aliingia ofisini mwake kuwapigia simu watu wa kampuni. Lucius alikaa kwenye kiti mbele ya meza yangu, mgongo wima, mikono magotini, kama anayengoja kuitwa kwenye usaili.

Todd alirudi akiwa ameweka sura ya msiba.

"Bwana Tate, wameguswa sana. Lakini wanasema rangi yako wino wetu hautaiweza, utatoka kama kivuli. Na hapa mashavuni..." Aligusa mashavu yake mwenyewe. "Tangazo ni la matumaini. Unanielewa? Wewe unaonekana mgonjwa."

Lucius alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Todd akarudi nyuma hatua moja. Nilimsindikiza hadi kwenye lifti.

"Emory," aliniambia, "kurasa hizi si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo."

"Picha ile uliiona lini?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya; labda nilichoka. "Septemba katikati."

"Na Cordell aliiona lini?"

"Oktoba. Mteja alimwambia."

Alitikisa kichwa taratibu. "Jumapili mbili. Ulinisifia makaroni." Lifti ilifika, akaingia. "Usije tena kwangu. Yule mwenzako ana mdomo mchafu, lakini angalau uchafu wake anausema."

Lucius alimwambia Cordell, kwa barua. Wakati huo walikuwa hawapokeleani simu. Cordell hakunijia. Alinipigia mara moja tu. "Ulitoka nami dukani pale nikiwa nimekushika bega," alisema, "na nikakushukuru." Akakata.

Machi iliyofuata Lucius alilazwa. Dawa zilimvuruga tumbo, akaisha nyama. Nilikwenda hospitali, nikaishia mlangoni, kwa sababu Cordell alikuwa ameshafika kutoka Gary alikokuwa akinyoa watu jikoni kwa shangazi yake. Alikuwa amekunjua taulo lake kitandani: mashine, wembe, brashi, povu. Lucius alikuwa na ndevu za wiki tatu, na katika maisha yake hakuwahi kukaa na ndevu hata siku mbili.

"Nimekuja kukunyoa, kaka," alisema Cordell. "Niruhusu."

"Vaa glavu."

"Sihitaji glavu."

"Pale ukutani kuna sanduku. Vaa, mwanangu. Utaoza."

"Lucius, nakuomba..."

"Vaa mbili mbili. Uso wako huo ni mali ya watu."

Cordell alivuta glavu, akavaa moja juu ya nyingine huku Lucius akimtazama na kuhesabu kwa sauti mpaka zilipotimia nne. Akampaka povu. Machozi yalimtiririka yakadondokea kwenye taulo, na hakuweza kuyafuta kwa mikono ile. Lucius alifumba macho, akainua kidevu. Shavu la mwisho lilipokwisha Lucius alisema, "Umeacha pale chini ya sikio," na Cordell akarudia.

Alipotoka alinikuta ukumbini. Alinipita kama unavyopita kiti.

Lucius hakufa. Walimbadilishia dawa, akanenepa, akahamia Memphis kwa dada yake, na huko anapiga kinanda katika kanisa kubwa zaidi. Nilisikia kwamba Cordell humwandikia kila Krismasi. Kama Lucius hujibu, sijui, na hakuna tena wa kuniambia.

Mwezi Mei wa mwaka ule Todd alikuja akaegemea meza yangu akiwa na kikombe cha kahawa. Kampuni ilikuwa imefurahi, alisema. Simu zinazopigwa zahanati ya Kusini zilikuwa zimeongezeka maradufu, na walitaka sura mpya kwa ajili ya kiangazi, mtu kama yule wa kwanza: mchangamfu, ana afya, si mweusi kupita kiasi.

"Unamjua mwingine?" aliniuliza.

Nilikuwa nikinyoosha mstari wa maandishi. Nikamwambia nitaulizia.