Sahani ya Mkizi

Tope lililotoka tumboni mwa mkizi lilikuwa la kijivu, linang'aa. Nililiona mara moja tu, jirani yangu Mize alipokuwa akipara samaki mlangoni kwake, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Mpaka leo, uzee huu, nikiona mkizi sokoni roho hunichafuka. Na nikijiona kwenye kioo pia.

Miaka ile ya hamsini tulikaa Ng'ambo, ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari uliotutenga na mjini. Mume wangu, Borafya, akiyeyusha risasi ya betri mbovu za magari hapo uani, akisubu chubwi za kuzamishia nyavu. Tindikali na makapi yote, horini. Bata wetu watatu walikwenda kuchokora tope lile. Shingo ziliwalegea, wakafa.

"Samaki wa hapa usile," akaniambia. "Ntakuletea wa kutoka Fumba, mbali na hapa. Na huko nje funga mdomo, ama tutakula nini?"

Nikafunga. Mtu mzima na akili zangu!

Mize alikuwa na mimba ya tatu, mbili zilishatoka. Mumewe, Matar, akivua kwa kurusha wavu wa kimia pale pale horini, na kila Ijumaa Mize akiniletea sahani ya mkizi wa kupaka. Sahani ya jirani hairudi tupu, nani asiyejua? Basi mimi namwaga chakula chooni, naiosha sahani, naijaza kaimati, naipeleka huku nacheka.

"Vipi mkizi, Bi Shemsa?"

"Kakolea, mwanangu. Mkono wako hauna mfano."

Astaghfirullahi, ulimi ule! Na huku namwona mwenyewe anakula kwa ajili ya wawili, ananyonya mpaka miba.

Mimba ilipofika miezi sita ikatoka. Nilikwenda kumpa pole, nikamkanda kiuno, nikamwambia ni kazi ya Mungu. Namsingizia Mungu kazi ya mume wangu!

Baada ya wiki tatu akaja tena na sahani, uso umemsawijika. Safari hii hakuondoka. Aliketi mkekani, akanawa.

"Leo tule pamoja, Bi Shemsa. Peke yangu hakishuki."

Nikanawa. Nikasema bismillahi. Mkono ulifika ukingoni mwa sahani ukagoma. Pua ilisikia ndimu na nazi, lakini macho yaliliona lile tope tu. Mize aliutazama mkono wangu. Kisha akatazama uani, kwenye jungu la risasi.

"Hukupata kula hata siku moja," alisema.

"Mize, mwanangu..."

Akainuka na sahani yake, imejaa vile vile.

Alasiri akarudi. Kwake ilikuwa imebaki sahani yangu moja, niliyompelekea kaimati siku ile ya pole. Aliiweka kizingitini bila ya kubisha hodi. Ilikuwa imeoshwa, imefutwa, tupu.