Upawa Juu ya Kikombe

…kwa nini aulize leo, mbele ya foleni nzima, upawa wa uji ameuning'iniza juu ya kikombe cha Tamandani, hamimini wala haurudishi sufuriani, "Mama yako mzima?", na huyu Mama Naphiri si mtu wa kuuliza bure, akina mama wanaopika uji wa shule wanajuana wote, kila mmoja na zamu yake, kila mmoja na kuni zake kichwani, na juzi ilikuwa zamu ya mama, mama hakuja, kuni hazikuja, basi walikaa pale mekoni wakamjadili, lazima walimjadili, "Mzima, yuko shambani," akajibu upesi, upesi mno, mwongo ndiye hujibu upesi, "Shamba gani, mwanangu, na mvua hii?"… umeona, mtego huo, ukisema kweli, kwamba mama tangu arudi kibaruani amelala kauelekea ukuta, hali, hasemi, ukimwita anasema niache kidogo, watakuja wote na vitenge vyao na nyimbo zao za kanisa, watafunua chungu wakute sima ya pumba, pumba ambazo wenzao wanawamwagia kuku, na kesho mtaa mzima wa Ndirande utamwita Tamandani Kuku, "We dada, songa! Uji huo, si kesi ya chifu!" ni Limbani huyo nyuma, wanacheka, wanacheka nini, wamenusa pumba kwenye sare, mbona kila asubuhi anajinusa kwanza, na heri wangecheka tu, kwa akina Bertha wa darasa lake akina mama hao hawakucheka, waliingia kusaidia, wakasaidia kweli, wakasaidia mpaka mmoja akapelekwa Zomba kwa shangazi, mwingine Mangochi, kitinda mimba hata hajulikani aliko, msaada gani huo, kugawana watoto kama vifaranga, na nani atamtaka Kondwani, mdogo wake, anayekojoa mkekani, ndiyo maana Tamandani halali, anasikiliza pumzi za mama, zikikawia anamgusa mguu, na darasani mwalimu akigonga ubao moyo unaruka, anadhani wamefika mlangoni… "Tamanda, niangalie," sauti ya Mama Naphiri imeshuka, sauti ya wasije wengine wakasikia, na kwa nini hataki wasikie, mtego mzuri hauna kelele, hamwangalii, anaangalia mkono wa upawa, mkono umechoka, si amimine tu yaishe, mtu mzima kusimamisha foleni yote kwa ajili ya… hapana, usilainike, Bertha alilainika, ukisema moja umesema yote, lakini kuna hofu, na si hofu ile ya kila siku, ile anaijua, hii nyingine, anaogopa mkono utashindwa, uji utamiminwa, Mama Naphiri atasema haya, nenda, wala hatauliza tena, na upawa bado uko hewani, uliza, Mama Naphiri, uliza mara moja tena tu, kwa sauti hiyohiyo ndogo, uliza.