Mashine ya Igombe Iliyobaki Buhongwa

Igombe nzima ilishajua: Selina, binti wa marehemu Masalu, kaunda mashine inayokausha dagaa hata mvua ikinyesha. Akina mama wanaoanika mchangani waliisherehekea kabla ya kuiona. Mama Kija, mwenye mdomo kuliko wote, akawatambia wanunuzi wa soko la Mwaloni kwamba masika haya dagaa wa Igombe hawaozi ng'o.

Ila mashine ilikuwa Buhongwa, kwenye kituo cha kulea biashara changa, imeng'arishwa kama bibi harusi. Kituo ndicho kilichonunua bati na paneli, basi mashine ni yao mpaka Selina ahitimu mafunzo yao. Na kila akikaribia kuhitimu, wageni wanakuja, anaambiwa asubiri.

"Kaka Nkwabi, ona mawingu yale," alimwambia mkurugenzi. "Wamama wameshaanika. Niruhusu niipeleke leo tu."

"Leo? Wafadhili wako njiani!" Nkwabi akacheka. "Dada, tunajenga mfumo wa Kanda ya Ziwa nzima, wewe unawaza mchanga wa Igombe."

Dagaa wabichi wa maonyesho hawakupatikana. Wakanunua wakavu, wakawalowesha. Aliyewalowesha ni Selina mwenyewe.

Mvua ikashuka katikati ya hotuba. Nkwabi akanyoosha kidole juu. "Mnaisikia? Ndiyo sababu ya mashine hii!" Makofi. Selina naye akapiga.

Kesho yake wageni wale wale walikuwa mezani kituoni Mama Kija alipoingia, ndoo kichwani, harufu imemtangulia.

"Shikamoo, mama," Selina akasema, macho chini.

"Hiyo shikamoo kawape wenzako wa mezani. Mzigo wote umeoza hivi. Nimewapelekea watengenezaji wa chakula cha kuku, hata wao wamekataa." Akaimimina ndoo kwenye trei zinazong'aa. "Haya, mbunifu. Kausha."

Wageni wakaziba pua. Nkwabi akadaka kipaza sauti.

"Waheshimiwa, mteja huyo! Katoka Igombe kuifuata bidhaa. Nani atasema soko hakuna?"

Makofi. Simu zikainuliwa.

"Selina, washa."

Alimtazama Mama Kija, akamtazama Nkwabi. Akawasha.

Mashine haikumwangusha. Wageni walipoondoka, uozo ulikuwa umekauka barabara, na Mama Kija alishapigwa picha ya kalenda ya kituo ya mwakani.